Picha za usiku kwa kamera ya filamu: otomatiki inapokosea na namna ya kumpata mkosaji

Mtu anayepiga picha gizani kwa kamera ya filamu yenye mfumo wa otomatiki hutegemea vitu vitatu vielewane: kipimamwanga kiusome vizuri mwanga uliopo, shata ibaki wazi kwa muda uleule uliopimwa, na filamu iupokee mwanga huo kwa usikivu ulioandikwa kwenye kasha lake. Picha ikiharibika, mara nyingi mmoja kati ya hao watatu ndiye aliyekosea. Wapigapicha wengi wa Arusha na Moshi wanaorudi kwenye filamu huanza kwa kuilaumu kamera na kuipeleka kwa fundi, ilhali mara nyingi kamera ni nzima kabisa. Filamu zenyewe hazipatikani kwa urahisi huku kwetu. Wengi tunaziagiza au tunaletewa na wageni, kwa hiyo haifai kuteketeza mikanda miwili au mitatu kwa kubahatisha.

Maelezo yanayofuata yanaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Yanahusu zaidi kamera ambazo mpigapicha huchagua tundu la lenzi, nazo huchagua muda: Nikon FE, Olympus OM-2, Pentax LX, Pentax ME Super, Yashica Electro 35 na nyinginezo za aina hiyo. Katika mwongozo wote, neno hatua moja lina maana ya kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu.

Anza kwa kuisoma negativu

Negativu ni filamu iliyosafishwa: penye mwanga huwa peusi, na penye giza huwa patupu. Usihukumu kwa picha iliyoskaniwa. Mashine ya kuskani hujaribu kuirekebisha picha yenyewe, ikaifanya negativu nyepesi ionekane ya kijivu yenye punje nyingi, na mwenye picha akadhani filamu ilikuwa mbovu. Chukua negativu yenyewe, iinue mbele ya dirisha lenye mwanga wa kawaida, kisha tazama kwanza ukingoni, pale penye namba za fremu na jina la filamu. Maandishi hayo yalichapwa kiwandani kwa mwanga, na huonekana tu filamu inaposafishwa. Yakiwa meusi na yanasomeka vizuri, dawa ilifanya kazi yake, na kosa lilitokea wakati wa kupiga. Yakiwa hafifu kama ya penseli, tatizo ni dawa iliyochoka, dawa ya baridi mno, au muda mfupi wa kusafisha, na hakuna marekebisho ya kamera yatakayosaidia.

Ukiridhika na ukingo, tazama ndani ya fremu. Sehemu za giza za mandhari zikiwa tupu kabisa kama plastiki safi, filamu haikupata mwanga wa kutosha. Taa zikiwa nyeusi sana huku vivuli vikiwa vitupu, kuna uwezekano mkubwa kwamba taa hizo ndizo zilizokidanganya kipimamwanga, au kwamba filamu ilipoteza usikivu kwenye vivuli. Fremu ikiwa tupu yote, hata taa hazionekani, basi shata haikufunguka ipasavyo, au ilifunguka na kufunga papo hapo.

Jaribio la ukutani

Jaribio hili halihitaji filamu. Usiku, chumbani, washa balbu moja tupu, ifunike upande wa kamera, na uelekeze lenzi kwenye ukuta mtupu. Kamera iwe juu ya stendi, otomatiki, ISO (kipimo cha usikivu wa filamu) 100, tundu f/4. Fyatua, na kwa saa ya simu pima muda kutoka mlio wa kwanza wa shata hadi wa pili. Kisha funga tundu hadi f/8 na upime tena. Kutoka f/4 hadi f/8 ni hatua 2, hivyo muda unapaswa kuwa mara nne: kama mwanzo ulipata sekunde 2, sasa upate karibu sekunde 8. Ukipata 3 au 4, kuna kitu kinachoifunga shata kabla ya wakati.

Jaribio la pili ni kurudisha tundu f/4 na kuisogeza balbu kutoka mita 1 hadi mita 2 mbali na ukuta. Mwanga unaofika ukutani utashuka hadi karibu robo, na muda nao uongezeke karibu mara nne, ingawa kuta nyeupe za pembeni zitarudisha mwanga kidogo na kuupotosha uwiano huo. Kwenye kamera kama Nikon FE, ambazo hupima mwanga lenzi ikiwa wazi kabisa, jaribio la kwanza huonyesha afya ya shata na ya kiunganishi kinachoiambia kamera tundu lililochaguliwa, na la pili huonyesha afya ya kipimamwanga. Malizia kwa kuitoa kamera kwenye otomatiki na kupima muda mrefu kuliko wote ulioandikwa kwenye gurudumu. Muda huo ukiwa sahihi na otomatiki ikiwa na makosa, mshukiwa ni kipimamwanga. Vyote viwili vikiwa na makosa, ni shata au betri. Vyote vikiwa sahihi na bado negativu zinatoka nyepesi, acha kuitesa kamera, kwa maana mkosaji ni filamu.

Kuna tahadhari moja kwa wenye Olympus OM-2, iliyotoka mwaka 1975, na Pentax LX ya mwaka 1980. Kamera hizi hupima mwanga unaoakisiwa na filamu yenyewe shata ikiwa wazi. Zikiwa hazina filamu, mwanga huangukia kibamba cheusi cha mlango wa nyuma, ambacho huakisi kidogo kuliko filamu, na muda unakuwa mrefu kupita kiasi. Watu wamekwisha kupeleka kamera nzima kwa fundi kwa sababu hiyo tu. Kwa kamera hizo usiuangalie urefu wa muda. Angalia uwiano wa mara nne peke yake.

Negativu nyepesi ingawa shata ilikaa wazi muda mrefu

Hii ndiyo dalili inayowasumbua wengi, na ndiyo inayostahili kueleweka kwa undani. Kamera imefanya jaribio la ukutani bila kosa, imepimia sekunde 10 na kukaa wazi sekunde 10, lakini negativu imetoka kana kwamba ilipewa nusu yake. Chanzo ni tabia ya filamu. Ili chembe ya fedha ndani ya filamu iweke alama ya kudumu, inahitaji kupokea chembe kadhaa za mwanga ndani ya muda mfupi. Mwanga ukiwa hafifu sana, alama ya kwanza huanza kufutika kabla mwanga mwingine haujafika kuiimarisha, na sehemu ya kazi iliyokwisha kufanyika hupotea. Mwanafalaki wa Ujerumani Karl Schwarzschild alilichunguza jambo hili mwishoni mwa karne ya 19, alipokuwa akipima mwanga wa nyota kwa picha. Otomatiki ya kamera haina habari nalo. Hata OM-2 na LX, zinazotazama filamu yenyewe, huhesabu mwanga ulioifikia filamu. Haziwezi kujua filamu imeutumia kiasi gani.

Kila filamu ina kiwango chake. Ilford hutoa kanuni rahisi: chukua muda uliopimwa kwa sekunde, uupandishe kwa kipeo cha filamu husika, na utapata muda unaotakiwa. Kwa HP5 Plus kipeo ni 1.31, na kwa FP4 Plus ni 1.26. Ukikokotoa kwa HP5 Plus, sekunde 4 zilizopimwa zinakuwa kama 6, sekunde 10 zinakuwa 20, sekunde 30 zinakuwa 86, na dakika 1 inakuwa zaidi ya dakika 3 na nusu. Kodak, kwa Tri-X 400, huelekeza kwamba sekunde 1 iwe 2, sekunde 10 ziwe 50, na sekunde 100 ziwe 1,200, yaani dakika 20, pamoja na kupunguza muda wa kusafisha kwa asilimia 10, 20 na 30 kwa mfuatano huo ili taa zisiungue. Fujifilm Acros iko mbali na hizo zote: haihitaji nyongeza yoyote hadi sekunde 120, na kutoka hapo hadi sekunde 1,000 inataka nusu hatua tu. Kwa maoni yangu, anayetaka kupiga Kibo usiku na ana uwezo wa kuagiza mkanda mmoja tu, aagize Acros, japokuwa usikivu wake ni ISO 100 tu, kwa sababu pamoja nayo otomatiki ya kamera inakuwa mkweli tena. Anayejifunza atumie HP5 Plus, inayovumilia makosa mengi.

Namna ya kuieleza kamera habari hii ni kuidanganya kuhusu ISO, au kutumia gurudumu la nyongeza ya mwanga, ambalo kwa kamera nyingi hufanya kazi ileile. Ukiwa na HP5 Plus na kamera ikasoma sekunde 10, weka ISO 200 badala ya 400. Kamera itakaa wazi sekunde 20, na hizo ndizo zinazotakiwa. Ikisoma sekunde 30, nyongeza iwe hatua 1 na nusu. Ikisoma sekunde 60, karibu hatua 2. Hapa ndipo watu makini wanapojikwaa: baada ya kuweka nyongeza, kamera itaonyesha au itatumia sekunde 20, nao hurudi kwenye hesabu na kuziongezea tena hizo 20. Hesabu hufanywa mara moja, kwa kutumia muda uliosomwa kabla ya nyongeza.

Kwa filamu za rangi mambo si mapana hivyo. Kodak huthibitisha Portra, Ektar na Gold bila nyongeza hadi sekunde 1 tu. Zaidi ya hapo anza na hatua 1 kwa sekunde 10, piga na nyingine yenye hatua 2, na uweke kumbukumbu, kwani negativu ya rangi huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

Giza lililozidi uwezo wa kipimamwanga

EV ni kipimo cha kiasi cha mwanga, na kila namba moja ni hatua moja. Kipimamwanga cha Nikon FE kina uhakika hadi EV 1 kwa ISO 100, na hiyo ni kwa lenzi ya f/1.4. EV 1 ni mwanga unaotaka sekunde 1 kwa f/1.4. Ukifunga lenzi ambayo tundu lake kubwa kabisa ni f/2.8, mwanga unaokifikia kipimamwanga ni robo tu, na kikomo kinapanda hadi EV 3. Mtu aliyezoea lenzi ya 50 mm f/1.4 akabadilisha na kufunga zumu ya f/4 ataona otomatiki yake imeanza kubabaisha mahali palepale ilipokuwa ikifanya vizuri, na kamera haina kosa. Muda uliothibitishwa kwa FE nao unaishia sekunde 8. Ikiendelea zaidi ya hapo ni hisani yake.

Barabara ya mjini yenye taa ina takribani EV 4 hadi 6, hivyo katikati ya Arusha au Moshi kamera ya aina hiyo inatosha. Mandhari ya mbalamwezi ya mwezi mpevu ina EV ya chini ya sifuri, karibu -2 hadi -3, na huko FE haisomi chochote cha kuaminika. Pentax LX, iliyotengenezwa kusoma hadi EV -6.5, inaweza. Mwenye kamera nyingine ahame otomatiki, aweke B, ambayo huiacha shata wazi kwa muda wote kitufe kinaposhikiliwa, na ahesabu mwenyewe: kwa EV -3, HP5 Plus na tundu f/2.8, muda wa hesabu ni sekunde 16, na baada ya kanuni ya Ilford unakuwa karibu sekunde 38. Nyota zilizo juu ya Mlima Kilimanjaro zitakuwa vistari vifupi, kwani kwa lenzi ya 50 mm huanza kuonekana zikivuta baada ya sekunde 10 hivi. Atakayefanya hivyo akiwa Moshi akumbuke kwamba mlima uko kaskazini mwake, na kwamba mwezi mpevu wa Juni na Julai hupita upande wa kusini wa anga, ukaiangazia sura ya mlima inayotazama mji. Ule wa Desemba hupita upande wa kaskazini na kuiacha sura hiyo na vivuli vingi zaidi.

Kamera zenye kipimamwanga cha CdS (kadmiamu salfaidi), kama Yashica Electro 35, zina udhaifu wa ziada. Kipimamwanga cha aina hiyo huchelewa kusahau mwanga mkali. Ukiimulika kamera kwa tochi ya simu ili uone namba za tundu, kisha ukafyatua mara moja, kitafanya kazi kana kwamba tochi bado inawaka, na picha itakuwa nyeusi. Ipe dakika chache gizani kwanza, na tochi usiielekeze upande wa lenzi.

Nyepesi pale tu taa au magari yalipokuwamo

Simama usiku karibu na mzunguko wa Mnara wa Saa pale Arusha, lenzi ikitazama mnara, tundu f/8. Hali ikiwa shwari kamera inapima, tuseme, sekunde 8. Sekunde ya pili bodaboda inazunguka na taa yake inamulika moja kwa moja ndani ya lenzi kabla haijapotea kuelekea upande mwingine. Matokeo yanategemea namna kamera ilivyoundwa, na kutoijua tofauti hii ndiko kunakofanya ushauri wa rafiki mwenye kamera nyingine usikufae.

Nikon FE, ME Super na nyingi za rika lao hupima kabla kioo hakijapanda, hukariri jibu, kisha huhesabu muda bila kutazama tena. Bodaboda ikipita baadaye, muda haubadiliki. Taa yake itachora mstari na mandhari itabaki kama ilivyopangwa. Lakini bodaboda ikiwa mbele ya lenzi wakati ule wa kufyatua, kamera itakariri mwanga wa taa na kufunga mapema mno. Tiba ni kusubiri barabara iwe tupu kwenye nukta ya kufyatua tu, au kushikilia kipimo: kwenye FE wenzo wa saa ya kujipiga, ukisukumwa kuelekea lenzi, hukifungia kipimo ulichosoma.

OM-2 na LX zinaendelea kutazama hadi mwisho. Taa ya bodaboda inapomulika, zinahesabu mwanga wote huo na kufunga sekunde ya tatu au ya nne, mnara ukiwa haujapata haki yake. Kwa kamera hizi, shika kadi nyeusi au kofia nyeusi na uzibe lenzi bila kuigusa kila taa inapokuja. Kamera itasubiri gizani na kuendelea kukusanya mwanga utakapoiondoa. Usifanye hivyo na FE ukitumaini matokeo hayohayo, kwani saa yake inaendelea kukimbia huku lenzi ikiwa imezibwa, na utaondoka na picha nyepesi zaidi.

Taa zisizotembea, za barabarani au za vibanda, hukosesha kamera zote kwa namna moja. Kipimamwanga hutafuta wastani, na taa tatu nne ndani ya fremu zinatosha kukishawishi kwamba usiku ni angavu. Inamisha kamera hadi taa zitoke kwenye fremu, soma muda, kisha linganisha na ule wa fremu kamili. Tofauti hiyo ndiyo nyongeza unayoihitaji, na kwa kawaida ni kati ya hatua 1 na 2. Nyongeza hii hujumlishwa na ile ya filamu. Jumla ikipita hatua 2, ambazo ndizo kikomo cha gurudumu la nyongeza kwenye kamera nyingi, otomatiki imefika mwisho wake, tumia B.

Kuna na mwanga unaoingia kupitia dirisha la kuchungulia. Kamera ikiwa kwenye stendi na jicho lako haliko kwenye dirisha la kuchungulia, taa iliyo nyuma yako huingia humo na kukifikia kipimamwanga kilichomo juu ya kioo. Ukiwa umeegemea duka lenye taa nyeupe mgongoni pako, kosa linaweza kuzidi hatua 1. Nikon F3 na Canon A-1 zina kifuniko cha ndani kwa ajili hiyo. Kwa nyingine ziba kwa kidole, kitambaa cheusi au kipande cha mpira wakati wa kufyatua. OM-2 haidhuriki kwa njia hii ikiwa kwenye otomatiki, kwa kuwa inapima baada ya kioo kupanda na kuiziba njia hiyo.

Shata inafunga papo hapo, au fremu ni tupu

Katika kamera za kielektroniki, pazia la pili la shata, lile linalofunga, huzuiwa na sumaku ya umeme. Umeme ukiwa dhaifu, sumaku inaachia, pazia linafunga, na kamera inakuwa imepiga kwa kasi yake kubwa kabisa. Mchana betri hufanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya sekunde, lakini usiku inaombwa kushikilia kwa sekunde 30 au dakika nzima, kwa hiyo betri inayoonekana nzima saa sita mchana inaweza kushindwa saa mbili usiku. Dalili yake ni kwamba fremu za kwanza ni nzuri, zinazofuata zinapungua muda, na baada ya kuipumzisha kamera inapata nguvu tena kwa fremu moja au mbili.

Betri ndogo zinazouzwa na mafundi saa wengi ni LR44 za alkali, ambazo volti zake hushuka taratibu kadiri zinavyotumika. SR44 za oksidi ya fedha hukaa kwenye volti 1.55 karibu hadi mwisho wa uhai wake, ndipo hukata ghafla. Umbo ni lilelile na bei ni kubwa zaidi, lakini kwa kazi ya usiku sioni sababu ya kutumia nyingine. Soma maandishi ya nyuma ya betri kabla ya kulipa, kisha ufute midomo ya chemba ya betri kwa kitambaa kikavu, maana kutu ya kijani huleta dalili zilezile.

Yashica Electro 35 isiyo na betri, au yenye betri iliyokufa, bado hufyatuka, ila kila picha inakuwa ya 1/500 ya sekunde. Mtu hupiga mkanda mzima wa usiku akisikia mlio wa kawaida na kupata filamu tupu. Bonyeza kitufe cha kukagua betri kila unapoanza. Baridi nayo hupunguza nguvu ya betri: anayepiga picha akiwa kibanda cha Horombo mlimani Kilimanjaro, mita 3,720, abebe betri za akiba katika mfuko wa ndani ya nguo na azibadilishane na zilizo kwenye kamera.

Kioo kikikwama juu baada ya betri kufa, usikilazimishe kwa kidole. Nikon FE ina M90 na B zinazofanya kazi bila betri, na ME Super ina 125X na B. Geuza gurudumu hadi huko, kisha uvute filamu au ufyatue kama kitabu cha kamera kinavyoelekeza.

Baadhi ya kamera hazina uwezo wa muda mrefu, na hilo si ugonjwa. Canon AE-1 humwachia mpigapicha achague muda, na muda wake mrefu ni sekunde 2. Olympus mju II hufika sekunde 4, kwa sharti kwamba flashi imezimwa, na kila unapoifunga na kuifungua inasahau agizo hilo na kuirudisha flashi.

Shata haifungi

Kabla ya hofu yoyote, angalia kama kifuniko cha lenzi kimeondolewa. Kama kimeondolewa, jiulize tundu liko wapi: f/16 kwenye uchochoro usio na taa inaweza kudai dakika nyingi, na OM-2 itaendelea kusubiri hadi kikomo chake cha takribani dakika 1 au 2, kulingana na toleo. Fungua tundu hadi f/4 na urudie. Magharibi yetu ni fupi kwa sababu tuko karibu na Ikweta, na muda uliopima sekunde 4 ulipokuwa ukikaza skrubu za stendi unaweza kuwa zaidi ya maradufu dakika chache baadaye. Shata ikikataa kufunga hata ukutani penye mwanga wa wazi na betri mpya, hapo ndipo fundi anapohitajika.

Mwanga unatosha, lakini picha imetikisika

Tazama taa ndogo kwenye negativu kwa kioo cha kukuzia. Nukta yenye kijimkia upande mmoja inasema kamera ilitikiswa wakati wa kufyatua kisha ikatulia: tumia waya wa kufyatulia, uuache ulegee, au saa ya kujipiga. Nukta iliyotanda pande zote sawasawa ni fokasi. Mstari wa mawimbi ni mtikisiko ulioendelea, kama wa upepo au malori ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, ambayo huitetemesha lami na stendi iliyo kando yake. Rudi hatua kadhaa, usiinue nguzo ya kati ya stendi, na mkanda wa kamera usiuache ukipigwa na upepo. Mshtuko wa kioo hudhuru zaidi muda wa kati ya 1/30 na sekunde 1. Ukiwa na sekunde 10, hofu hiyo iondoe, kwa kuwa kioo hutulia mapema na sehemu kubwa ya mwanga huingia kamera ikiwa imetulia.

Taa za ziada, rangi na ukungu

Nukta hafifu za mwanga zinazotokea upande wa pili wa fremu, zikiwa mkabala na taa halisi kupitia katikati, ni mwakisiko kutoka kwenye filta ya kinga; ivue usiku. Rangi ya chungwa iliyofunika kila kitu inatokana na taa za sodiamu kwenye filamu iliyotengenezwa kwa mwanga wa mchana, na ile ya kijani ni ya taa za mirija. Filta ya buluu ya 80A hurekebisha mwanga wa balbu za kawaida lakini inakula hatua 2, ambazo zitaurefusha muda na kuiingiza filamu zaidi katika tatizo la usikivu lililoelezwa juu, kwa hiyo ni afadhali kurekebisha rangi wakati wa kuskani.

Picha iliyofifia yote, taa zikiwa na duara laini pembeni, ni umande juu ya lenzi. Hutokea alfajiri za Juni na Julai, na pia kamera inaposhuka kutoka kwenye baridi ya mlimani na kuingia katika hewa yenye unyevu ya Moshi. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kushuka, na usiufungue mpaka kamera ipate joto la mahali ilipo. Ukifuta kioo cha mbele pekee, utakuwa umeacha ukungu uliojificha kwenye kioo cha nyuma, ambao dirisha la kuchungulia halitakuonyesha gizani. Mulika lenzi kwa tochi kutoka upande wa nyuma kabla ya kuifunga kwenye kamera.